Niliacha kazi ya saa nane, nikaingia kazi ya saa kumi na tatu, sonona ikapungua. Nielezeni

Fundi Geti (mleta mada), saa 1:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nilikaa miaka mitatu huduma kwa wateja, kampuni moja hapa Dar, jina naliacha. Unaingia saa moja asubuhi, unatoka saa tisa alasiri. Kiyoyozi kinapuliza, mshahara unaingia tarehe ileile kila mwezi, bima ipo. Tandika nzima ilinijua kama "yule wa ofisini".

Kazi yenyewe iko hivi. Hedifoni kichwani, simu inaingia yenyewe, huichagui. Ukimaliza moja, nyingine imeshaita. Kwenye skrini kuna saa inahesabu umeongea dakika ngapi na umekaa kimya sekunde ngapi. Maneno ya kumwambia mteja umeandikiwa. Ukiongeza lako unakatwa alama, maana kuna mtu anasikiliza. Mteja anakutukania mama, unajibu "pole kwa usumbufu". Na kinachouma zaidi, tatizo lake unaliona, dawa yake ni kubonyeza sehemu moja tu, ila huna ruhusa ya kubonyeza. Unamwambia utalifikisha idara husika. Kesho anapiga tena, hasira zimezaa.

Chooni unaomba. Mtu mzima, nina ndevu, nanyoosha mkono, kiongozi wa timu anatazama foleni ya simu kisha anasema nenda, au anasema subiri.

Mwaka wa pili nikaanza kuamka saa tisa usiku. Kila siku saa tisa, kama nimetegeshewa. Derby ya Simba na Yanga ikapita, matokeo nikayajua keshokutwa yake na sikujali, mimi ambaye jezi nilikuwa nafua kwa mkono isichuje. Jumapili moja mama akanipigia, nikapokea: "Karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?" Akanyamaza. Halafu akasema, "Baba, ni mimi."

Nikapimwa presha, taifodi, vidonda vya tumbo, vyote safi. Daktari wa tatu ndiye aliyeniuliza maswali tisa, yote yanaanza na wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya vitu, umelala vipi, umejiona huna thamani mara ngapi. Akasema ni sonona. Nikapewa dawa, nikapangiwa mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Baada ya miezi mitatu nikaacha kazi.

Sasa nachomelea mageti na anko wangu. Saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumapili mara nyingi nipo. Hela inakuja ikijisikia. Macho yanawasha, mgongo unauma. Na nina mwaka na nusu silali vibaya.

Swali langu: kama kazi nyingi ndiyo inaleta sonona, mimi nimeponaje?

Nimekaa Paleee, saa 1:52 usiku

Siti ya mbele. Naombeni mwenye karanga.

Mjukuu wa Manamba, saa 2:05 usiku

Mkuu, pole, ila mtoto wa kiume unakaza. Babu yangu alitoka Songea na miguu yake kwenda kukata mkonge Tanga. Manamba yule. Miba, jua, nyapara na fimbo. Hakuna daktari aliyemuuliza maswali tisa. Hii sonona ni ugonjwa wa kiyoyozi. Kuna vijana wana digrii wanauza maji Ubungo, wape hiyo hedifoni uone kama hawatalala nayo kichwani. Kinacholeta mawazo ni kukosa kazi.

Zamu ya Usiku, saa 2:31 usiku

Mimi ni muuguzi, nimeona mengi, na nianze na mleta mada: kaka, ulitumia dawa na ukazungumza na mtaalamu. Huwezi kujua kilichokuponya ni dawa au ni mageti. Pengine vyote. Mtu mmoja si ushahidi.

Lakini mjukuu wa manamba, nani alimuuliza babu yako? Huko wodini wazee wa umri huo wanakuja na "kichwa kinawaka moto", "moyo unakwenda mbio", "mwili mzito". Wamemaliza waganga wote. Neno sonona hawana, ugonjwa wanao. Kiswahili chetu chenyewe kinasema fulani *ana mawazo*, na kila mtu anaelewa haimaanishi ana akili nyingi.

Na tutenganishe vitu, maana humu mtu akichoka Ijumaa anasema ana sonona. Msongo ni mzigo, ukitua, unapumua. Kuchakaa na kazi, yaani umeisha nguvu, kazi umeichukia na unajiona hufanyi lolote la maana, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliandika kuwa ni hali itokanayo na kazi, halikuiita ugonjwa. Sonona ni ugonjwa. Inakufuata mpaka likizo. Inakaa wiki mbili na kuendelea, inagusa usingizi, chakula, hamu, hata uwezo wa kuchagua shati la kuvaa. Ila hayo mawili ya mwanzo yanaweza kuifungulia mlango.

Fundi Geti, saa 2:58 usiku

Dada, la dawa umenishika, nakubali. Na sijawaambia watu waache dawa, wala waache kazi.

Ila nikiwa sina usingizi nilisoma sana. Mwaka 1979 kuna Mmarekani, Robert Karasek, alitazama takwimu za wafanyakazi wa Sweden na Marekani. Hakuuliza tu "una kazi nyingi?" Aliuliza na la pili: kazi hiyo unaiamulia nini? Akakuta walio taabani ni wale wenye mambo mawili kwa pamoja, madai makubwa na kauli ndogo. Mwenye madai makubwa na kauli kubwa anachoka, ila hafi moyo. Wengine hata wanachangamka.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Geti la mtu naweza kulianza leo nikalimalizia kesho. Mteja akinitukana naweza kuzima mashine nikaenda kunywa chai. Mara nyingi siendi, lakini naweza.

Na wewe mjukuu, mkonge ulikuwa na miba kweli, ila babu yako alipewa ngwe. Ngwe ikiisha anaweka panga begani anaondoka. Mimi foleni yangu ya simu haikuwahi kuisha hata siku moja.

Mjukuu wa Manamba, saa 3:10 usiku

Hapo kwenye ngwe umeniweza kidogo. Babu alikuwa anasema "nilimaliza mapema nikaenda kulima kwangu". Lakini hujajibu la wasio na kazi.

Karani Mdadisi, saa 3:26 usiku

Naomba nilijibu mimi.

Kukosa kazi kunaumiza, hilo halina ubishi. Kuna kijiji Austria, Marienthal, kiwanda chake cha nguo kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Watafiti wakaenda kuwachunguza. Mmoja wao, Marie Jahoda, alikuwa bado binti wa miaka ishirini na kitu. Waliwapima hata mwendo barabarani: wanaume, ambao hawakuwa na pa kuwahi, walitembea polepole na kusimamasimama, wanawake wakawapita. Maktaba ikaazimisha vitabu vichache kuliko zamani, ilhali muda wa kusoma ulikuwa tele. Kwa hiyo ndiyo, kukaa bure kunamla mtu.

Ila mwaka 2011 ulitoka utafiti wa Australia, watu zaidi ya 7,000 walifuatiliwa kwa miaka saba. Waliotoka kwenye kukosa ajira wakapata kazi nzuri, afya ya akili ikapanda, kama unavyotarajia. Waliotoka kwenye kukosa ajira wakaangukia kazi mbovu, yaani ya presha, isiyo na kauli, isiyo na uhakika na yenye malipo yasiyo ya haki, hali yao ilishuka kuliko ya wale waliobaki bila kazi.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mimi niliisoma mara tatu. "Kazi ni kazi" si kweli.

Suka wa Mbagala, saa 4:15 usiku

Nimelaza gari sasa hivi ndiyo naona uzi.

Fundi, umeongea vizuri, ila mimi sina hedifoni, sina kiongozi wa timu, naamua mwenyewe nipakie wapi, nipumzike saa ngapi. Kauli ninayo yote. Mbona nina hali yako?

Nieleze. Naamka saa tisa usiku, barabarani saa kumi. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake ya kila siku. Mvua inyeshe, foleni ya Kilwa Road ikatae, trafiki anipige faini, pancha, hesabu ni ileile. Ikipungua nafidia mfukoni, au kesho anampa gari deiwaka, dereva wa kutwa. Mkataba sina. Mpaka saa nane mchana namtafutia tajiri, baada ya hapo mafuta, baada ya hapo konda, kinachobaki ndiyo changu. Kuna siku hakibaki. Abiria anasema madereva wa daladala vichaa. Asubuhi ya saa kumi na mbili mimi nimeshakuwa na deni, hata ningekuwa mzima ningeendeshaje polepole?

Mwanangu wa mwisho anaongea, ananiita "yule baba wa usiku". Mke wangu alicheka. Mimi nilienda bafuni.

Fundi Geti, saa 4:33 usiku

Suka, umeibomoa hoja yangu, na umefanya vizuri. Kuamua kituo cha kupakia ni kauli ya mkono wa kushoto. Kile kinachokuua, hesabu, hukiamui.

Zamu ya Usiku, saa 4:41 usiku

Kuna msomi wa chuo kikuu huko Ujerumani, Siegrist, aliandika hili miaka ya tisini: weka jasho upande mmoja wa mizani, upande wa pili weka fedha, heshima, na uhakika wa kesho. Mizani ikilala upande wa jasho kwa muda mrefu, mwili na moyo vyote vinalipa. Suka, wewe pande zote tatu za malipo huna.

Kuamka saa tisa kwa ajili ya gari ni jambo moja. Siku za mapumziko, usingizi unakujia?

Suka wa Mbagala, saa 4:44 usiku

Hauji.

Zamu ya Usiku, saa 4:47 usiku

Njoo faragha, nitakuelekeza kliniki iliyo karibu na wewe na siku wanazokuwepo. Sitakuambia uache gari.

Jirani wa Umoja, saa 5:20 usiku

Salamu kutoka Nairobi. Huku tuna kesi ambayo nafikiri inawahusu. Kuna vijana waliokuwa wakifanya kazi ya kukagua maudhui ya Facebook, kazi ikipitia kampuni ya Sama. Siku nzima unatazama video: mtu anachinjwa, mtoto anadhulumiwa, mtu anajitoa uhai. Unabonyeza, inakuja nyingine. Mwaka 2023 zaidi ya mia na themanini walienda kortini. Walipopimwa na daktari wa akili wa Hospitali ya Kenyatta, zaidi ya 140 walikutwa na madhara makali ya kiwewe, wengi pia na sonona.

Jameni, hao walikuwa ofisini, kwenye kiti, na karatasi ya ajira mkononi. Ukiwaona asubuhi stejini ungesema hawa wamefaulu. Halafu walikuwa wamesainishwa mkataba wa kutunza siri, kwa hivyo hata nyumbani hawangeweza kusema wameona nini. Mimi hilo la siri ndilo naona lilikuwa kaburi.

Dada wa Ruwi, saa 6:02 usiku

Umenigusa hapo kwenye kutosema.

Niko Maskati mwaka wa tano, kazi za ndani. Nyumba ya kwanza sikupigwa, nisiseme uongo. Chakula nilikula. Kazi ilikuwa ya kawaida, watoto wawili. Lakini pasi yangu alikaa nayo kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, simu nilipewa dakika chache Ijumaa usiku, mlango unafungwa kwa ufunguo, na miezi saba sikuongea Kiswahili na mtu aliye mbele yangu. Miezi saba! Nilianza kuongea na mashine ya kufulia. Naiambia "haya shangazi, maliza basi". Nilijua si utani tena siku niliyoikasirikia kwa kutonijibu.

Nyumba hii ya pili watoto ni watano na bibi mgonjwa juu. Kazi mara mbili ya ile. Ila Ijumaa natoka, tunakutana Watanzania na Wakenya, tunapika wali wa nazi, tunamsema kila mtu. Jumamosi narudi kwenye ndoo na nguvu mpya.

Kwa hiyo nyie mnasema kauli, mnasema mizani. Mimi nasema mtu wa kucheka naye.

Karani Mdadisi, saa 6:15 usiku

Dada, wataalamu waliokuja baada ya Karasek waliongeza hilohilo kwenye hesabu yake. Umewafikia bila kwenda chuo.

Rasilimali Siyo Watu, saa 12:50 asubuhi

Nimesoma usiku kucha kwa aibu, maana mimi niko upande wa pili. Idara ya rasilimaliwatu.

Oktoba 10 kila mwaka ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Kazini kwetu tunaleta mtoa mada, tunagawa fulana, soda na sambusa. Mtoa mada anafundisha kuvuta pumzi. Watu wanavuta pumzi. Saa nane wanarudi kwenye malengo yaleyale ya mwezi ambayo hata sisi tuliyoyapanga tunajua hayafikiki. Mwaka juzi dada mmoja wa dirishani, wale wanaokatwa mshahara wakipata shoti, yaani hela ikipungua kwenye hesabu, alinyoosha mkono akauliza: "Hiyo pumzi itarudisha hela niliyokatwa?" Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

Nilipeleka pendekezo juu, na nililijenga kwa lugha ya fedha maana ndiyo inayosikika. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani wanakadiria siku bilioni 12 za kazi zinapotea kila mwaka duniani kwa sonona na wasiwasi, hasara ya dola trilioni moja. Na miongozo ya Shirika la Afya ya 2022 inasema usiishie kumrekebisha mfanyakazi, tazama na kazi yenyewe: saa, zamu, mzigo, nani anaamua nini, na uwafundishe mameneja. Nikaomba vitu viwili tu. Ratiba ya zamu itolewe wiki mbili kabla, na shoti ichunguzwe kabla ya kukatwa.

La kwanza lilikubaliwa. La pili nimeambiwa "litafanyiwa kazi". Mnajua maana yake.

Nimekaa Paleee, saa 1:03 asubuhi

Fundi Geti, umesikia? Limepelekwa idara husika.

Fundi Geti, saa 1:20 asubuhi

Nimecheka mpaka anko kaniuliza kuna nini. Ila kule kwetu kazi yenyewe ingetazamwa hivyo, labda bado ningekuwepo. Sitanii.

Kirungu na Tochi, saa 9:12 usiku (siku ya pili)

Samahani nimechelewa kwenye mada. Nipo lindoni, huu ndio muda wangu wa kusoma.

Mimi ni mlinzi. Saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi, siku sita. Kazi si ngumu, natembea, nakaa, natembea. Ila nina miezi kama minne chakula hakina ladha, na mchana nikirudi bati linawaka, silali. Jana nilisimama getini nikasahau nilikuwa nataka kufungua au kufunga. Hapa choo kiko ndani na ufunguo anao mwenye nyumba, amelala.

Naogopa kwenda hospitali ya akili kwa sababu nikijulikana silaha nitanyang'anywa na kazi imekwisha. Sheria inasemaje?

Karani Mdadisi, saa 11:30 alfajiri

Mkuu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na kila moja inalipwa mara moja na nusu. Wewe kwa wiki una saa 72. Hata nikitoa saa moja ya mapumziko kila zamu, ambayo najua huipati, zinabaki 66. Hizo ni 21 za ziada kwa wiki, 84 kwa wiki nne. Usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili, kila saa ina nyongeza ya asilimia tano. Tazama karatasi yako ya mshahara kama hayo yapo.

Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Unachotakiwa kupeleka ni ED, yaani cheti cha ugonjwa, ya daktari anayetambulika. Wakikuachisha kwa kuumwa, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usikae zaidi ya siku 30.

Zamu ya Usiku, saa 11:48 alfajiri

Na usianze kwa kuwaza Mirembe, Dodoma ni mbali. Nenda hospitali ya wilaya, dirisha la kawaida, sema silali na chakula hakina ladha kwa miezi minne. Hayo yanatosha. Ila nikuulize moja, na unijibu ukweli, humu au faragha: ukiwa na hiyo silaha usiku, umewahi kufikiria kuigeuzia kwako?

Kirungu na Tochi, saa 11:55 alfajiri

Nimekutumia faragha.

Zamu ya Usiku, saa 11:57 alfajiri

Nimeiona. Usiondoke hewani. Mwenzio akifika mkabidhi silaha, halafu nipigie kwa namba niliyokutumia. Usipitie nyumbani kwanza.

Kirungu na Tochi, saa 12:09 asubuhi

Kafika. Nimekabidhi. Niko kituoni nasubiri gari.

Suka wa Mbagala, saa 12:14 asubuhi

Kirungu, uko kituo gani? Kama ni njia ya huku kwetu, nakuja kukuchukua. Nauli hakuna.